Mito ya Sebule Yetu

Jumapili, Machi 3

Ameondoka tena alfajiri, lori limejaa saruji. Amesema atarudi baada ya Pasaka, barabara zikiruhusu. Nimeingia nyumba hii mwezi wa kumi na mbili, na bado sijajua mume wangu anapenda kulala upande gani wa kitanda.

Nimebaki na watoto wake wawili. Binti ana miaka kumi na mitatu. Mdogo wake ana saba, na watu wote wanamwita Injinia, maana hakuna kitu chenye skrubu kilichowahi kukaa salama mbele yake. Mama yao alifariki miaka mitatu iliyopita. Nyumba bado ni yake. Mapazia alichagua yeye, sahani alinunua yeye, na nyuma ya mlango wa jikoni inaning'inia aproni ambayo hakuna anayeivaa na hakuna anayeitoa. Mimi navaa khanga kiunoni ninapopika.

Binti ananiamkia kila asubuhi. Ananiamkia vizuri mno, kama mwanafunzi anavyomwamkia mwalimu wa zamu.

Jumanne, Machi 5

Mvua ya kwanza. Nimeanua nguo peke yangu, zikalowa zote.

Jumamosi, Machi 9

Injinia amechukua simu yangu kutafuta gemu, akakuta picha zangu za vyumba. Kabla ya kuolewa nilikuwa mhudumu wa vyumba hotelini. Nilitandika vitanda nisivyovilalia na kupanga mito nisiyoiegemea. Chumba kilichonipendeza nilikipiga picha haraka kabla msimamizi hajapita koridoni. Ninazo nyingi: ukuta wa rangi mbili, taa iliyovikwa kamba, rafu za mbao ngumu, na kochi la mapokezi lenye mito ya viraka vya rangi mchanganyiko.

"Hapa ni kwenu, Mama Mdogo?" akauliza.

"Hapana. Nilikuwa nafanya usafi hapo."

"Mbona kwetu hakuko hivi?"

Dada yake alikuwa kwenye kiti, kitabu kimemfunika uso. "Kwa sababu kwetu si hoteli," akasema.

Mvua ikapiga bati kwa muda. Kisha ile sauti ya nyuma ya kitabu ikarudi: "Ila ule ukuta wa rangi mbili si mgumu."

Nimempigia baba yao. Kulikuwa na kelele za gereji. "Fanyeni mnavyotaka," akasema, "kuta tu msivunje." Nikataka kumweleza zaidi, lakini kuna mtu alikuwa anamwita.

Jumapili, Machi 17

Ukuta. Nimenunua rangi nyeupe, na kopo dogo la bluu ambayo muuzaji aliiita ya bahari na Injinia akaiita ya sare za polisi. Tulipiga msasa, tukafuta vumbi kwa kitambaa chenye maji. Binti alishika uzi uliopakwa mkaa upande mmoja, mimi upande wa pili, Injinia akauvuta katikati na kuuachia, ukapiga mstari ukutani. Alitaka kuupiga tena na tena. Tulipomnyima akajipiga mstari wa mkaa tumboni.

Tatizo lilikuwa unyevu. Katika picha rangi hukauka. Kwetu iligusika kama ngozi ya mtu mwenye homa mpaka jioni ya siku ya pili, na tulipobandua utepe wa karatasi wenye gundi tuliobandika kwenye mstari, ukatoka na kipande cha ukuta.

Binti akacheka. Ni mara ya kwanza nasikia kicheko chake. Ni kizito, cha mtu mzima, kinatoka kifuani. Aliposhtukia kwamba ninamsikiliza, akakata.

Tumeziba kwa jasi. Ukikaa kwenye kochi huoni.

Jumatano, Machi 20

Mvua. Injinia ana mafua. Hakuna jipya.

Jumapili, Machi 24

Taa. Picha inaonyesha kivuli cha taa kilichotengenezwa kwa kamba ya katani iliyozungushwa ikafanya bakuli. Maelezo tuliyoyatafuta simuni yalisema zungusha kamba yenye gundi kwenye ndoo, iache ikauke, kisha itoe. Tulizungusha. Ikakauka. Haikutoka.

Tulihangaika nayo sote watatu. Injinia alikalia ndoo, mimi na dada yake tukavuta kamba, yeye na dada yake wakaanguka. Mwisho Injinia akatoa hukumu: "Basi tutundike na ndoo yake."

Baadaye binti alisoma tena na kugundua tulitakiwa kuvika ndoo mfuko wa plastiki kwanza. "Mstari wa pili kabisa," akasema. "Tumeuruka."

Tumeuruka. Niliandika neno hilo mara mbili kwenye kichwa changu wakati naosha mikono. Amesema sisi.

Tulirudia kwa ndoo nyingine, na mfuko. Imetoka. Taa ikiwashwa, dari inajaa mistari ya kivuli, na mtu akipita chini yake anaonekana kama amevaa wavu.

Ijumaa, Machi 29

Shule zimefungwa. Mvua haikati. Nimefikiria kumpigia mwenzangu wa zamani wa hotelini, nikaacha. Ataniuliza maisha ya ndoa yakoje, na jibu ninalo ila refu.

Jumatatu, Aprili 1

Kazi ya mito. Nimekata sponji kutoka kwenye godoro la zamani. Nikasema kesho nitakwenda sokoni kutafuta vitambaa vya rangi mbalimbali. Injinia akauliza kama ni mito ya maji au ya kuegemea, maana ya maji tunayo tayari mlangoni.

Binti ameingia chumbani kwake akafunga mlango. Siingii chumba hicho. Nafagia mpaka kizingitini.

Jumanne, Aprili 2

Asubuhi, kabla sijavaa viatu, ametoka na mfuko. Ameuweka mezani. Ndani mlikuwa na vipande vya vitambaa, vimekatwa miraba sawasawa kwa rula: kijani, zambarau, njano yenye maua meupe, kahawia, kitenge cha duara nyekundu.

"Hivi vitatosha?" akauliza.

"Umevitoa wapi?"

"Ni vitambaa vya zamani. Vilikuwa vinaota ukungu."

Kwenye mraba mmoja wa kijani niliona safu ya vitobo vidogo vya sindano, mahali pindo lilipokuwa limefumuliwa. Niliona, wala sitajidanganya humu. Nilijua kwamba kitambaa hicho kiliwahi kuwa nguo ya mtu. Ningeuliza tena. Lakini alikuwa amesimama karibu nami kuliko siku zote, bega lake linagusa langu, anapanga miraba mezani, anaondoa, anarudisha. Sikutaka asogee.

Tumeshona siku nzima, cherehani karibu na dirisha, mvua nje. Yeye alipanga, mimi nilishona, Injinia alijaza sponji. Mito sita. Kijani alikiweka katikati ya kila mmoja.

Tulipoipanga kwenye kochi, chumba kikabadilika. Hata hotelini sijawahi kuona kitu kilichokaa vile. Binti alijilaza, akaweka shavu kwenye mto, akalala hapohapo mchana kweupe. Nilimfunika, nikapika polepole nisigonge sufuria.

Jumamosi, Aprili 6

Leo nitaandika yote.

Shangazi yao amekuja, dada wa mume wangu, bila taarifa, na mwavuli uliopinduka na upepo. Nilimpokea mzigo, nikampa taulo. Alitazama ukuta, akatazama taa. "Nyumba njema si mlango, wifi," akasema, nusu utani, akaenda kukaa. Hakukaa. Alibaki ameinama juu ya kochi, mkono mmoja angani.

Kisha akachukua mto mmoja, akausogeza karibu na macho.

"Wifi, kitambaa hiki umekitoa wapi?"

Binti alikuwa amesimama kwenye mlango wa korido. Nilimtazama. Alitazama sakafu.

"Wifi, nakuuliza wewe."

"Nimeishona mimi," nikasema. Ni kweli, nilishona mimi.

Aliushusha mto taratibu. "Hili gauni la kijani nililifua mimi kwa mikono yangu wiki moja baada ya mazishi. Nikalipiga pasi. Nikaliweka kwenye sanduku na dawa ya nondo, na mengine yote, nikafunga. Kaka yangu alisema binti akikua atachagua atakayoyavaa. Wewe umekosa kitambaa dukani?"

Sikuwa na jibu ambalo halikuwa na jina la mtoto ndani yake.

"Marehemu alikukosea nini? Hata hukumjua."

"Mimi nilijaza sponji," Injinia akasema.

"Nyamaza, mwanangu. Wewe huna kosa."

Nilimtazama binti mara ya pili. Vidole vyake vilikuwa vimekamata pazia la korido. Nilingoja. Nilimngoja kwa muda ambao mtu angeweza kusema sentensi moja fupi. Akageuka akaenda chumbani, na mlango ukafungwa bila sauti.

Wifi hakula. Alikunywa maji, akafungua mwavuli wake uliovunjika, akatoka kwenye mvua. Jioni mume wangu amepiga simu.

"Nimesikia," akasema.

"Ndiyo."

Nilisikia injini yake, vipangusa vya kioo vinakwenda na kurudi. "Nitakuja tuongee," akasema, na mtandao ukakatika, au alikata.

Jumapili, Aprili 7

Mvua.

Jumatatu, Aprili 8

Mvua. Binti ameniamkia. Amekula kichwa chini. Mito iko palepale kochini, hakuna anayeigusa, na sote watatu tunakaa kwenye viti vya mezani kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari.

Jumatano, Aprili 10

Nimejiuliza kwa nini sisemi. Ningempigia mume wangu nikamwambia ukweli kwa pumzi moja. Angeniamini, nadhani. Kisha angempigia binti, na binti angejua kwamba mtu aliyeingia nyumbani juzi amemtoa kafara ili ajinusuru. Nikimpoteza huyu mtoto sasa sitampata tena, na huenda nimeshampoteza. Basi nafunga mdomo, nafua, napika, naanua. Kutwa nzima leo nimesema maneno machache sana, na mengi yalikuwa "ondoa kidole hapo" kwa Injinia aliyekuwa anafungua redio.

Ijumaa, Aprili 12

Bati linavuja. Maji yameteremka kwenye ukuta wetu mpya, yakavuka mstari wa mkaa, yakaacha doa la kahawia kwenye bluu. Nimeweka beseni. Sikuwa na wa kumwita aone.

Jumapili, Aprili 14

Injinia ameniambia kitu wakati namkata kucha. Amesema shangazi alikuwa analala kwenye lile kochi.

"Lini?"

"Mama alipokufa. Alikuwa analala hapo kila siku. Ili tukilia atusikie."

"Muda mrefu?"

"Mpaka nikaanza shule. Aliacha duka lake, likachukuliwa na mtu mwingine. Dada anajua."

Nimekaa na mguu wake mkononi. Wiki nzima nimekuwa nikimwona wifi kama askari aliyekuja kukagua. Sasa namwona mwanamke anayekunja miguu kwenye kochi fupi, anasikiliza mlango wa watoto wa mwenzake. Alikuja kukaa pale pale alipolala, akakuta nguo alizozikunja zimekuwa mito. Mimi ningesema makubwa zaidi.

Alhamisi, Aprili 18

Amerudi. Lori limeegeshwa nje, matope mpaka kwenye vioo. Ameoga, amekula, amewauliza watoto masomo. Mimi amenishukuru kwa chakula.

Baadaye akaenda sebuleni. Aliitazama mito kwa muda, kisha akaisogeza yote upande mmoja na kukaa ukingoni mwa kochi, kama mgeni.

"Mama," akaniita. Ananiita hivyo mbele ya watoto. "Njoo tuzungumze. Nimekaa na hasira njiani, na sitaki kuilaza ndani ya nyumba. Sanduku lile lilikuwa limefungwa. Ulilifunguaje?"

"Si yeye aliyelifungua." Ilikuwa sauti ya binti. Alikuwa amesimama nyuma yangu. "Ufunguo ninao mimi, baba. Ulinipa mimi."

Baba yake akamtazama.

"Nguo nilizitoa mimi. Nilizikata mimi, usiku ule mama mdogo aliposema atanunua vitambaa. Yeye hakujua ni za nani. Nilimwambia ni vitambaa vya zamani." Alikuwa anasema haraka, mikono nyuma, kama anayesoma shairi darasani. "Shangazi alipouliza niliogopa. Mama mdogo hakunitaja. Nilingoja anitaje. Kila siku nilingoja."

"Kwa nini ulizikata, mwanangu?"

Hapo ule mwendo wake ukavunjika. "Mlikuwa mmezifungia tu. Mimi nilikuwa nimeanza kusahau zilikuwa rangi gani. Nilikuwa nikifikiria gauni la kijani, sijui kama ni kijani kweli au naota. Na sitaki kuzivaa. Nitazivaaje? Nilitaka zikae hapa, mahali tunapokaa."

Mume wangu aliuvuta mto mmoja, akauweka magotini, akapitisha kidole gumba kwenye mraba wa njano wenye maua meupe.

"Hili alilivaa tulipohamia hapa," akasema. "Alipandisha magodoro amelivaa."

"Na hili?" Binti alishika cha zambarau.

"Hilo la harusi ya shangazi yako. Lilimbana, akakataa kukubali kwamba linambana. Akala amesimama."

Injinia akaja mbio akajipachika katikati yao. "Na hili la duara?"

"Hilo alikuwa na mimba yako wewe. Ndilo pekee lililomtosha."

Wakaendelea, mto kwa mto. Nilisimama mlangoni. Nilikuwa nimesafishwa jina, na hakuna kitu ningeweza kuongeza. Kila mraba niliushona mimi na sikujua hata hadithi moja. Binti alicheka kile kicheko kizito, na baba yake akacheka kilekile, nikajua amekitoa wapi.

Nilirudi jikoni nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Ijumaa, Aprili 19

Amenifuata uani asubuhi nilipokuwa nafua. "Nimekukosea," akasema. "Ungeniambia."

"Ningekuambia, halafu?"

Akafikiria. Akachukua ncha ya shuka, tukalikamua pamoja, yeye kulia mimi kushoto. Kisha akanieleza, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba muhula ujao binti atahamia kwa shangazi yake. Kuna shule nzuri jirani na pale, nafasi imepatikana. Walikubaliana na dada yake tangu mwezi wa kwanza. Binti anataka, ana hamu.

Mimi sikuulizwa. Sijui kama mtu kama mimi huulizwa. Nilisema ni jambo jema, na ni jema kweli, nikaanika shuka.

Jumanne, Aprili 23

Ameondoka tena. Safari hii alilala upande wa ukutani.

Jumamosi, Aprili 27

Tumepaka upya doa la ukutani, mimi na binti. Fundi ameziba bati. Mvua inanyesha ya rasharasha, ya kumalizia. Tulifanya kazi bila maneno mengi. Katikati ya kazi akasema, "Ulijua?"

"Nilijua ni nguo ya mtu. Niliona vitobo vya pindo."

"Mbona hukuuliza?"

"Nilikuuliza mara moja. Ya pili niliogopa utaondoka mezani."

Akachovya brashi. Akapaka. "Nisingeondoka," akasema.

Jumapili, Mei 5

Wifi amekuja kumchukua. Nilimwandalia chai, akakaa kwenye kochi, katikati kabisa ya mito, akaegemea.

"Binti amenipigia akanieleza," akasema. "Nilipoona ile kijani, wifi, niliona kama tunamzika mara ya pili. Nikakutupia wewe maneno."

"Yamekwisha, wifi."

"Hayajaisha, ila yatakwisha." Akageuza kikombe. "Unajua kochi hili lina chuma kinachochoma mbavu, upande huu?"

"Nimeambiwa ulilala hapa."

"Sasa angalau lina mito." Akauvuta mto mmoja magotini. "Nina ombi. Naomba mmoja. Huu."

Niliutia kwenye mfuko usilowe. Walitoka wakiwa na mwavuli mpya. Binti alimkumbatia mdogo wake kwanza, kisha akanipa mkono, kisha kama aliyeona mkono hautoshi, akaegemeza paji la uso wake begani kwangu. Halikuchukua muda.

Injinia hakutaka kula. Alilala kwenye kitanda cha dada yake, viatu miguuni.

Alhamisi, Mei 9

Jua siku nzima. Injinia shuleni. Nyumba imekauka, milango iliyokuwa inakwama sasa inafunguka kwa kidole. Nimezunguka vyumba vyote. Kila kitu kiko mahali pake na kinapendeza, na hakuna mtu.

Jumamosi, Mei 18

Simu imeita wakati namenya viazi. Namba ya wifi. Nikadhani kuna tatizo, nikaipokea na mikono michafu. Alikuwa binti.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba. Mko salama?"

"Tuko salama. Shangazi anataka ukuta wa chumba chetu uwe wa rangi mbili. Ameshanunua rangi. Ni ya machungwa." Akashusha sauti. "Ni mbaya, ila ameshanunua."

"Ukuta umepigwa msasa?"

"Bado. Anza mwanzo. Nina kalamu."

Nilianza mwanzo. Nikamwambia msasa, kisha kitambaa chenye maji, kisha waache ukuta ukauke kabisa, wauguse kwa mgongo wa mkono, maana kiganja hudanganya. Nikamwambia wapime kutoka sakafuni pande zote mbili, wasiamini macho. Nilieleza polepole kuliko ilivyohitajika. Alipouliza habari ya utepe wa karatasi, nikamwambia waubandue rangi ikiwa bado mbichi kidogo, hilo tulijifunza kwa hasara. Nilisikia kalamu ikikwaruza.

"Na uzi wa mkaa," akasema. "Tuko wawili tu. Nani atauvuta katikati?"

"Fungeni ncha moja kwenye msumari."

"Haya."

Akanyamaza. Nami nikanyamaza, viazi vinabadilika rangi kwenye beseni. Hakukata simu. Nyuma yake nikamsikia wifi akiuliza, "Amesemaje?"

"Subiri, shangazi," binti akamjibu. "Bado tunaongea."